Nchi ya Uzimani na Saa Zake za Kula

Anayetaka kujua Bi Mwatima alifikaje Uzimani na amwulize mwenyewe, ila atenge siku nzima, maana atasimuliwa kila kivuko na kila mbu. Mimi namchukua akiwa tayari langoni, kanga imelowa jasho, mkoba begani, pumzi zikipanda na kushuka. Mambo matamu yanaanzia hapo.

Bi Mwatima alikuwa mjane wa Pangani, mnene wa kupendeza, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Chai yake ilikuwa ya maziwa, na sukari aliyotia ingetosha watu watatu. Vitumbua vya asubuhi alivila hadi adhuhuri, kisha akashangaa kwa nini magoti yanamsumbua. Siku daktari alipompima, alimpima tena kwa kutoamini, halafu akamwambia kwamba sukari imepanda na presha imepanda nayo, na asipobadilisha chakula asije akamlaumu mtu. Kwenye benchi la kliniki akasikia wanawake wakinong'ona habari za nchi ambako watu hufunga na kuchagua chakula kwa ustadi, hata maradhi hayathubutu kuingia. Bi Mwatima akapiga moyo konde. Akasema atakwenda huko, atajifunza, na atarudi mwembamba awakomeshe majirani.

Langoni hakuulizwa jina wala atokako. Askari alimsogezea pua mdomoni, akamwambia, "Sema haa."

"Haaa," akasema Bi Mwatima.

"Ndizi," akasema askari kwa huzuni. "Na karanga. Saa yako ya kula ni ipi?"

"Saa yangu? Si ile njaa inapouma?"

Askari akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyetukanwa. Kisha akamwita mzee mmoja mrefu, mwembamba, mpole wa sura, ambaye siku hiyo zamu ya kupokea wageni ilikuwa yake. Huyo ndiye Mzee Karafuu. Watu wa Uzimani hupewa majina ya vitu vya jikoni, labda kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuvitaja bila kutozwa faini.

Njiani Mzee Karafuu alimweleza mgeni wake taratibu. Baraza la Saa humshika kila mtu mapigo ya moyo, humtazama ulimi, kisha humpangia saa moja ya kula kwa siku, na saa hiyo huwa yake hadi kufa. Wako watu wa Saa ya Umande, ambao hula jua likichomoza. Wako wa Kivuli Kifupi, wanaokula adhuhuri, na wa Kivuli Kirefu, wanaokula alasiri, na wengine wengi katikati. Nje ya saa yako umefunga. Aliyefunga haruhusiwi kumwona anayekula, maana macho nayo yana tumbo, ndivyo Baraza lilivyoamua. Kwa hiyo kila nyumba ina vijichumba vya kulia, kila kimoja cha kutosha mtu mmoja na sahani moja, visivyo na dirisha.

"Hata mke na mume?" akauliza Bi Mwatima. "Ndani ya nyumba moja, mzee wangu?"

"Sheria ya Saa ilipokuja, mimi nilipangiwa Umande, na mke wangu, Mungu amrehemu, Kivuli Kifupi. Tuliishi vizuri tu." Mzee akajigusa shavu. "Alikuwa na shavu moja lililotuna akitafuna. Nilikuwa nalipenda sana lile shavu. Basi sikuliona tena."

Bi Mwatima akavuta ncha ya kanga, akajifuta macho.

Hata hivyo alikuja kujifunza, akajifunza. Na nisiwaonee watu wa Uzimani: mengi waliyoyajua yalikuwa mema. Walikula mboga za majani na kunde na samaki wa kuchemsha, sukari hawakuijua ila ndani ya tunda, na walitembea kwa miguu kila waendako. Kabla mwezi haujaandama Bi Mwatima aliona magoti yametulia na usingizi umekuwa mtamu. Alipanda ngazi ya nyumba ya Mzee Karafuu, alikofikia, huku anaimba.

Tatizo lao ni kwamba hawakujua kuliacha jambo jema pale lilipofikia. Kila mwezi mwandamo Baraza lilitangaza chakula kimoja kuwa mkombozi wa mwili na kingine kuwa msaliti. Mihogo ilikuwa imefukuzwa nchini kwa kosa la uvivu, ikang'olewa na kutupwa ng'ambo ya mto, kisha mwezi wa pili ikarudishwa kwa ngoma na wazee wakaiomba radhi. Nazi ilikuwa kifungoni. Bi Mwatima alihudhuria mjadala mmoja uliochukua kutwa nzima, kuhusu mtu aliyeota anakula pilau: je, saumu yake imevunjika? Kundi moja lilisema ndoto ni mali ya kichwa, tumbo halihusiki. Kundi jingine likasema inategemea kama taya zilisogea. Wakaafikiana kwamba taya ndizo shahidi, na tangu siku hiyo watu wengi walilala wamefunga kitambaa kidevuni.

Kusimamia haya yote kulikuwa na Wanusaji, watu waliozunguka mitaani wakiwaambia wapita njia waseme haa. Mkuu wao alikuwa mama mmoja mkavu, mnyoofu, asiyecheka, aliyeitwa Bi Bizari. Aliponusa mdomo wako na kusema umekula, umekula. Hakuna aliyewahi kumpinga, na hakuwahi kukosea.

Na maradhi? Hayakuwepo, kwa maana hayakusemwa. Salamu yao ilikuwa "U mzima?" na jibu "Mzima, hata chafya sina." Kusema unaumwa kulikuwa sawa na kusema umekula kwa siri, kwani mtu aliyefuata saa yake anaumwaje? Aliyepata homa ilivumishwa kuwa ameingia kwenye tafakuri. Nje ya mji kulikuwa na kilima walichokiita Kilima cha Mandhari, na Bi Mwatima alikisikia kikisifiwa sana kwa uzuri. Alipokwenda kuona hayo mandhari aliwakuta watu wamejipanga, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, wanakohoa hadi machozi yanawatoka. Mmoja alipomwona mgeni alijifuta haraka akasema, "Upepo wa huku mzuri, ee?"

Sasa, mgeni hana saa. Baraza lilikuwa bado halijamshika mapigo, hivyo kisheria Bi Mwatima hakuwa amefunga wala hakuwa anakula. Angeweza kuketi na mtu yeyote saa yoyote. Jambo hili lilipojulikana mtaani, mambo yakaharibika, au yakatengenea, inategemea unamwuliza nani.

Jirani wa kwanza alikuja anatazama chini. Akasema saa yake ya kula imefika, na kama Bi Mwatima hana kazi, aje tu akae naye, si lazima ale. Bi Mwatima akaenda. Wakabanana katika kijichumba kile, magoti kwa magoti. Jirani alimega ugali wa mtama, akamtazama, akatabasamu kama mtoto aliyevalishwa nguo mpya. "Onja basi kidogo," akasema. Bi Mwatima akaonja. Angekataaje? Kesho yake waliomwita walikuwa wanne, keshokutwa mtaa mzima. Alfajiri alianza na watu wa Umande, akaenda nyumba kwa nyumba, kila mahali onja kidogo, kila mahali hadithi, hadi jua linazama. Kwao Pangani watu walifunga pia, tena mwezi mzima, lakini jua likizama milango hufunguliwa, uji hupelekwa kwa jirani, na anayepita njiani huvutwa mkono akae. Hapa watu walikuwa wamefunga miaka na miaka bila mtu wa kufuturu naye. Bi Mwatima aliwahurumia hadi kanga zikaanza kumbana upya, na umande wa alfajiri ukamwingia kifuani.

Aliyemwita mara nyingi kuliko wote alikuwa Iliki, binti wa Mzee Karafuu. Naye, kama baba yake, alikuwa wa Saa ya Umande. Alikuwa msichana mchangamfu, mwenye kucheka hadi aegemee ukuta, lakini asubuhi moja alikaa mbele ya sahani bila kuigusa.

"Una nini, mwanangu?" akauliza Bi Mwatima.

"Bi Mwatima, mwezi ukiandama wananiachanisha na Shamari."

Akaeleza. Kwao ndoa haikamiliki mpaka bibi harusi, bwana harusi na wazazi wao watie mikono kwenye sinia moja, kwa wakati mmoja. Hiyo ni mila ya mababu, na hakuna aliyethubutu kuifuta. Lakini Sheria ya Saa ilipokuja juu yake, sinia likawa halina wakati. Iliki ni wa Umande, Shamari ni wa Kivuli Kirefu. Wamekuwa wachumba tangu wakiwa wabichi kabisa, na hawakuwa peke yao. Uzimani ilijaa wachumba, wengine wameshaanza kuota mvi. Baraza liliona watoto hawazaliwi, likajadili, likaamuru watu wote wale mbegu za maboga. Mbegu zililiwa sana na watoto hawakuja. Sasa Baraza limepata dawa mpya: mwezi ukiandama, uchumba wote wa saa tofauti utavunjwa, na kila mtu atapewa mwenzi wa saa yake.

"Mimi nimepangiwa mwanamume wa Umande anayeishi kule mtoni," akasema Iliki. "Nilimwona. Si mbaya. Lakini simtaki! Namtaka Shamari, na nikimkosa sijui nitaamka kwa ajili gani."

Akaanza kulia, na Bi Mwatima naye akalia, kwa sababu hajui kumwacha mtu alie peke yake. Wakamaliza, wakajifuta. "Nipeleke kwenye hilo Baraza," akasema Bi Mwatima. "Mdomo ninao."

Baraza lilikaa katika ukumbi mpana wenye mikeka. Wote walikuwa wamekaa isipokuwa Mkuu wa Saa, Bwana Tangawizi, ambaye tangu watu wamfahamu aliongoza vikao amesimama, na kusimama huko kulisifiwa kuwa ni alama ya afya yake isiyo na mfano. Kulikuwa na mkariri sheria, mzee aliyezishika sheria zote kichwani. Bi Bizari alikuwa kwenye mkeka wa mbele. Alikuwa Mkuu wa Wanusaji, na pia, hili Iliki alimnong'oneza Bi Mwatima mlangoni, alikuwa mama yake Shamari.

"Si mimi nisiyekutaka kwa mwanangu," Bi Bizari akamwambia Iliki kwa ukavu alipoona midomo yao ikinong'ona. "Sheria ndiyo haikutaki."

Shamari, kijana mpana wa mabega mwenye aibu, alikuwa amekaa nyuma ya mama yake. Alisimama akasema yuko tayari kufunga siku nzima na kula kesho yake Saa ya Umande. Bwana Tangawizi akajibu kwamba saa ya mtu haibadilishwi, kama damu isivyobadilishwa. Iliki akasema basi yeye atachelewesha mlo wake. Akajibiwa vivyo hivyo. Bi Mwatima akauliza kwa nini wasile tu, wakati wowote, mara moja, wakaoana, mambo yakaisha. Ukumbi ukaguna kwa mshtuko, na mzee mmoja akaziba masikio.

Ndipo mtaalamu mmoja wa Baraza akanyanyua kidole. Akauliza swali ambalo, alisema, limemnyima raha kwa muda mrefu: mlo huisha lini? Mdomo unapoacha kutafuna, au mkono unaponawa?

Wakajadili. Wakanukuu wakubwa wao. Wakakubaliana kwa furaha kubwa kwamba mlo huisha mkono unaponawa, na kabla ya hapo mtu yuko mezani hata akiwa sokoni. Basi, akaendelea yule mtaalamu, mgeni hana saa. Mgeni na ale na Iliki Saa ya Umande kwenye sinia. Asinawe. Akae na mkono wake hivyo hivyo hadi Kivuli Kirefu, kisha autie kwenye sinia lile lile pamoja na Shamari. Utakuwa mlo mmoja, sinia moja, wakati mmoja, na hakuna aliyevunja saumu ya mwenzake.

Watu wakashangilia. Bwana Tangawizi akasema haijapata kutokea hukumu yenye akili kama hiyo. Bi Mwatima aliona ni wazimu mtupu, lakini alimtazama Iliki, akaona macho yanavyomng'aa, akasema, "Haya. Mkono huu hapa."

Siku ya siku alikula na Iliki na Mzee Karafuu jua likichomoza, kwenye lile sinia, ugali na samaki wa mchuzi mwepesi. Kisha akaunyanyua mkono wa kulia juu, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Nzi walimpenda. Paka wawili walimfuata. Aliyemsalimu alipewa mkono wa kushoto, akanuna. Kanga ilimteleza kichwani akashindwa kuifunga, Iliki akamfunga huku akicheka na kuomba radhi. Mnusaji mmoja alimwambia aseme haa, na Bi Mwatima akamwambia anuse mkono kama ana hamu. Adhuhuri mafua yaliyokuwa yakimnyemelea tangu zile alfajiri za majirani yalimshuka puani, akawa anayavuta kwa ndani, machozi yamemlenga.

Kivuli kiliporefuka ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, na wasio wa saa hiyo wameshika vitambaa vya kujiziba macho sinia likifunuliwa. Sinia lililofunikwa liliwekwa katikati. Shamari aliketi, amevaa kanzu safi, na mama yake, wa Kivuli Kirefu pia, kando yake kama mila ilivyotaka mzazi awepo. Iliki alisimama mbali nyuma ya pazia na baba yake, maana hakuruhusiwa kuona. Bi Mwatima akaketi. Akashusha mkono taratibu kuelekea kwenye kifuniko cha sinia. Vidole vilibakiza nafasi ya punje ya mchele.

Akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ya Pangani, ya mtu aliyejizuia tangu adhuhuri. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alijiziba mdomo. Kwa mkono wa kulia.

Bi Mwatima aliutazama mkono wake, akautazama ukumbi. "Samahanini," akasema. "Nina mafua."

Neno hilo halikuwa limesikika hadharani tangu Sheria ya Saa. Bwana Tangawizi akapauka. Akatamka kwa sauti ya kutetemeka kwamba mkono umeharibika na mlo umekatika. Uchumba umevunjika. Nyuma ya pazia Iliki alitoa kilio kidogo, akakimeza. Shamari alikuwa ameinamisha kichwa hadi paji la uso linakaribia mkeka. Bi Mwatima alitamani ardhi impasukie, kwa mara ya kwanza maishani hakutaka kusikika.

Mkariri sheria akakohoa kidogo, akajifanya anasafisha koo. "Kuna sheria ya mgonjwa," akasema. "Haijaitwa siku nyingi kwa kukosa mgonjwa. Inasema: mgonjwa hana saa. Mgonjwa asile peke yake. Wampendao wale naye, saa yoyote atakayoweza, ili chakula kipite."

"Hiyo ni ya mgonjwa wa Uzimani," akajibu Bwana Tangawizi. "Huyu ni mgeni. Na Uzimani, Mungu ashukuriwe, haina mgonjwa hata mmoja."

Bi Mwatima aliwatazama wale watu. Aliwajua. Alikuwa amekula na karibu wote, magoti kwa magoti. Alimjua aliyeficha jino bovu kwa kutafuna upande mmoja, na aliyelowanisha mkate kwa kuwa koo linamwasha, na wale wa Kilima cha Mandhari. Hakuwataja. Siri zilikuwa zao.

Bi Bizari akamtazama mwanawe. Aliutazama muda mrefu ule mgongo uliopinda. Kisha akasimama, mnyoofu kama kawaida yake, na watu wakadhani anakuja kumfukuza mgeni.

"Mimi sinusi," akasema.

"Hunusi nani?" akauliza Bwana Tangawizi.

"Sinusi chochote. Pua yangu imekufa. Nilipata homa mwaka aliozaliwa Shamari, nikaficha, na tangu siku ile sijasikia harufu ya kitu. Si mchuzi, si ua, si moshi. Nimekuwa mgonjwa miaka yote hiyo."

Macho yakawatoka watu pima. "Lakini hukuwahi kukosea!" akapiga kelele mtu mmoja ambaye, nadhani, alikuwa amelipa faini nyingi.

"Aliyekula hunitazama chini," akasema Bi Bizari. "Mwenye njaa hunikodolea. Sikuhitaji pua." Akaugeukia ukumbi. "Nivueni ukuu wa Wanusaji, ni haki. Lakini mimi ni wa Uzimani na mimi ni mgonjwa. Sitaki kula peke yangu leo. Nataka mwanangu ale nami."

Shamari aliruka akamkumbatia mama yake mbele ya Baraza zima. Na hapo, sijui nani alianza, sauti ikatoka nyuma: "Mimi jino!" Nyingine: "Mimi mgongo, tangu mvua za mwaka juzi!" Mmoja akasema kifua, mwingine tumbo, mwanamke akasema masikio yanamlilia usiku kucha. Waliyasema magonjwa yao kwa furaha, kama watu wanaotaja majina ya watoto wao. Walioyaficha kwa jirani wakagundua jirani naye analo lile lile, wakapigana viganja. Yule mtaalamu wa kunawa mikono alifunua mguu wake kuonyesha kidonda, akasikitika kidogo walipomwambia si kikubwa. Bi Mwatima alicheka hadi mafua yakamtoka puani, na hakuwa na mkono wa kujifutia.

Walibaki wanamtazama Bwana Tangawizi. Alisimama pale, amenyooka, mfano wa afya.

"Bwana Mkuu," akasema Bi Bizari kwa upole usio wa kawaida, "wewe je?"

Mkuu wa Saa akashika kiuno. "Nileteeni mto," akasema hatimaye. "Laini. Bawasiri, jamani. Miaka yote hii nimesimama kwa bawasiri."

Walimletea mito mitatu. Aliketi polepole, na uso wake ulilainika kwa namna ambayo watu wake hawakuwa wameiona, na kutoka juu ya mito hiyo akatamka kwamba sheria ya mgonjwa inafanya kazi na sinia lifunuliwe.

Pazia likavutwa. Iliki alikuja na baba yake, akasita ukingoni mwa mkeka, maana sheria ilisema wampendao, na mtu mmoja bado alikuwa hajaulizwa.

"Iliki," akasema Bi Bizari. "Wanipenda?"

Iliki alimtazama yule mama aliyemwogopa tangu utotoni. Angeweza kudanganya. "Bado, mama," akasema. "Lakini nikikaa karibu naona nitaweza."

Bi Bizari akatoa sauti ya ajabu, mkwaruzo mkavu, na ilichukua muda kabla mtu hajatambua kwamba anacheka. "Basi kaa karibu," akasema.

Wakanawa wote, Bi Mwatima wa kwanza, kwa maji mengi. Sinia lilikuwa limejazwa upya ugali wa mtama, kunde, mchicha, na samaki wa kuchemsha kwa ndimu, chakula kile kile walichokula kila siku wakiwa wamejifungia. Mikono ikaingia pamoja, ikagongana, ikatoka, hakuna aliyejua zamu inakwendaje. Waliokula miaka mingi wakitazama ukuta sasa walitazamana wakitafuna, wakaona haya, halafu wakaanza kuulizana nani aliyepika, na samaki katoka wapi, na kwa nini huyu anakula upande mmoja. Masinia mengine yakaanza kuingia kutoka majumbani. Mzee Karafuu alikula taratibu sana, akimtazama binti yake shavuni, na machozi yalimdondoka kwenye kunde bila yeye kuyajali. Bi Mwatima alimega matonge machache, akashtuka kukuta ameshiba. Maneno yalikuwa mengi kuliko chakula, na hayo hayakumpandisha sukari.

Wakati wote Bi Bizari alishika tonge lake bila kulila. Alilisogeza puani kwa mazoea ya kazi, akalishusha.

"Shamari," akasema kwa sauti ndogo. "Niambie linanukaje."

Kijana akajitahidi. Alisema linanuka vizuri. Alisema linanuka samaki. Akakwama, maana hakuna aliyewahi kumfundisha kusema mambo hayo. Yalikuwa yametozwa faini maisha yake yote.

Iliki, aliyezoea kusimuliana vyakula na Bi Mwatima kila asubuhi, akainama, akanusa tonge mkononi mwa mkwewe, akafumba macho. "Ndimu iko mbele, mama," akasema. "Kali, kama asubuhi ukifungua mlango. Samaki yuko nyuma yake, amepoa. Na kuna moshi kidogo, wa kuni, umeshika kwenye mtama. Kama nguo ya mtu aliyetoka jikoni sasa hivi."

Bi Bizari alitia tonge mdomoni. Alitafuna muda mrefu, macho yamefumbwa, na watu wa karibu wakaacha kuzungumza ili wasimharibie.

"Wewe, sogea huko," akamwambia mwanawe, akimsukuma kwa kiwiko. "Mpishe mwenzio aje hapa. Na hizo kunde je, Iliki?"